Difu la guta lilivyoacha kunguruma

Guta langu la mizigo, pikipiki ya matairi matatu, lilianza kulia nyuma: mlio unapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na ukiachia mafuta ghafla kunagonga "tak". Tairi la kulia nalo likawa linalowa oili upande wa ndani.

Nililinyanyua kwa jeki, nikalishika tairi juu na chini, nikatikisa. Lilicheza; hiyo ni dalili ya kuchakaa kwa beringi ya ekseli, yaani chuma kinachozungusha tairi. Nilipomwaga oili ya difu, yaani boksi la gia la nyuma linalopeleka nguvu kwenye matairi, ilitoka nyeusi, imejaa chembe zinazong'aa kama unga wa fedha, kwa hiyo nikafungua difu lote. Meno ya pinioni, gia ndogo ya difu, yamelika upande mmoja, na ekseli imechimbika pale beringi inapokaa.

Wengi huchomelea ekseli na kuichonga upya. Mimi sikubali. Moto huharibu ugumu wa chuma, na ekseli ya mizigo hukatikia hapohapo. Nilinunua mpya, na krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) na pinioni nikachukua jozi, maana ukichanganya mpya na kuukuu mlio unarudi.

Kazi yenyewe hasa ni washa za kupangia, vipete vyembamba vinavyosogeza gia zikae sawasawa. Nilipaka rangi meno ya krauni, nikazungusha, nikasoma alama. Ikikaa pembeni, nabadilisha unene wa washa, hadi ikatua katikati ya jino.

Nikaweka sili (mpira unaozuia oili kuvuja) na breki shuu mpya, nikazibua kipumulio cha difu, tundu la kutolea hewa, kilichojaa tope. Kikiziba, difu likipata moto presha husukuma oili ipite kwenye sili! Nikajaza oili ya gia, GL-5 80W-90. Sasa hata nikipanda mlima na mchanga, nasikia injini tu.