Machungwa ya Barabara ya Nane

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Wiki hii naanza kwa kuungama. Kitubio nilichopewa msiniulize.

Mnakumbuka Jumamosi iliyopita mlinituma na bahasha ya mchango kwa mwenzetu anayeugua kule Mabawa. Tulipatana tukutane kwake saa kumi. Saa kumi kasoro dakika tano mimi bado niko Ngamiani, nakanyaga baiskeli mbio, bahasha nimeifutika kifuani, jasho linaingia machoni. Pale Barabara ya Nane, mbele yangu kabisa, mzee mmoja akaanguka na baiskeli yake. Nyuma alikuwa amefunga tenga la machungwa, haya ya Muheza. Tenga likapinduka, machungwa yakatapakaa njia nzima, mengine yakatumbukia mtaroni. Mzee akabaki amekaa chini palepale, mkono mmoja kashika goti, mwingine anayavuta machungwa yaliyo karibu na kuyakusanya kwenye upindo wa kanzu.

Unajua nilifanya nini? Nilipiga kengele. Ile ya kuomba njia. Nikakwepa machungwa mawili, nikasema "pole babu" bila kugeuza shingo, nikapita.

Mabawa nilifika saa kumi na dakika tano, mtu wa kwanza. Tukakaa barazani na wenye nyumba, tukala mihogo na chai, tukamsubiri mwenyekiti mpaka saa kumi na moja inakaribia. (Mwenyekiti, utanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Kila nikimenya muhogo namwona yule mzee na upindo wake.

Usiku nikakumbuka jambo nililolisoma miaka ya nyuma, nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya teolojia ya Princeton. Hawa ni watu waliokuwa wakisomea Neno la Mungu. Kila mmoja, kwa zamu yake, aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya kazi anazoweza kufanya mhitimu wa seminari. Wengine wakapewa mfano wa Msamaria mwema, uleule wa Luka sura ya 10. Na njiani, kwenye uchochoro, watafiti walikuwa wamemweka mtu wao amejikunyata mlangoni, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba. Mwanafunzi akikaribia, yule mtu anakohoa mara mbili na kugumia.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kutoka, wengine waliambiwa wamekwishachelewa, wanangojwa, wafanye hima. Wengine waliambiwa kila kitu kiko tayari, waende tu. Kundi la tatu likaambiwa bado kuna dakika kadhaa, lakini si vibaya wakianza kusogea. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia yule mtu kwa namna moja au nyingine. Wale wa katikati, asilimia 45. Waliochelewa, asilimia 10. Katika kila kumi, mmoja! Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya kushikika, na majibu yao kuhusu imani yao hayakuonyesha nani atasimama na nani atapita. Wapo waliokuwa wakikimbilia kumsema Msamaria mwema ambao walimruka mgonjwa kwa mguu.

Watu 40 ni wachache, najua, na jaribio moja si Injili. Lakini mimi sikuhitaji wa arobaini na moja. Nilikuwa nimetoka kumwona, yuko juu ya baiskeli, ana bahasha ya huruma kifuani.

Methali ya haraka na baraka siitaji, tumeichosha. Tena nadhani inatupa njia rahisi ya kutoka, kwa sababu inamfanya mwenye haraka aonekane mjinga tu. Darley na Batson waliona kitu cha ndani zaidi. Baadhi ya wale waliopita walifika kwenye jengo la pili wakiwa na wasiwasi, hawajatulia. Hawakuwa na moyo wa jiwe. Kuna mtu aliyekuwa akiwategemea wafike, wakabanwa kati ya wawili: anayewangoja mbele na anayelala pembeni. Anayengoja ana saa mkononi. Anayelala hana cha kukudai. Basi anayedai ndiye hulipwa kwanza.

Tazameni siku zetu wenyewe. Mama anayemkemea mtoto asubuhi kwa sababu viatu havionekani hamchukii mtoto, anaogopa daladala. Karani anayemjibu bibi kwa mkato dirishani ana foleni nyuma yake. Na sisi wa kanisani ndio tumezidi, maana haraka yetu tumeivika joho. Kwaya, kikao, mchango, yote ni ya Mungu, basi nani atatuambia tupunguze mwendo?

Niliufungua tena Luka kwa macho haya. Yesu hasemi kuhani na Mlawi walipita kwa nini. Sisi ndio tumewaongezea ukatili. Mwinjili anatuambia walimwona yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, wakapita kando, basi. Tena yule Msamaria naye alikuwa safarini, hakuwa mtu asiye na kazi. Alisimama, akamfunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akamlaza nyumba ya wageni. Kesho yake akatoa dinari mbili, na kwa siku zile dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, akamkabidhi mwenye nyumba, akaahidi kumaliza deni akirudi. Kisha akaendelea na safari yake! Hilo nilikuwa silioni. Safari yake ilikuwa na nafasi ndani yake. Fedha hakuzifunga zote, siku hakuijaza mpaka mdomoni.

Nimesahau kuwataja vijana wawili wa bodaboda waliokuwa kivulini, wakitazama. Nilipopita niliwaona, na nikajiambia, si wapo hawa? Bila shaka nao walisema, si yupo yule mama wa baiskeli, kafika karibu zaidi. Darley huyohuyo na mwenzake Bibb Latané walilipima hilo pia, wakaandika mwaka 1968. Waliingiza moshi kwenye chumba ambamo watu wanajaza fomu. Aliyekuwa peke yake, mara 75 kwa 100 alitoka kutoa taarifa. Aliyekaa na wawili waliopangwa wasishtuke, mara 10 tu. Watu wanakohoa, wanapunga moshi kwa karatasi, wanaendelea kujaza fomu! Kazini kwetu moshi huo uko kwenye kundi la WhatsApp. Mteja analalamika asubuhi, watu kumi na wawili wameona, jioni hajajibiwa. Tangu tuanze kuita mtu kwa jina, "fulani, hili lako", majibu yanatoka.

Niliporudi kutoka Mabawa nilipita palepale Barabara ya Nane. Mzee hayupo. Chungwa moja limepondwa katikati ya njia. Nikamuuliza mama wa vitumbua pale kona, shungi lake limeingia unga.

"Alikwenda. Nimemfunga goti na kitambaa, vijana nikawatuma wampeleke kwake na tenga lake."

"Uliwatuma wewe?"

"Niliwaita. Wewe na wewe, njooni. Wakaja. Babu wa watu, ningemwachaje?" Halafu akanionyesha sinia. "Ila hivi vimeungua."

Kumbe alikuwa ameacha karai motoni. Vitumbua saba, upande mmoja mweusi. Nilivinunua vyote. Kunijua kama mimi ndiye niliyepiga kengele, sidhani kama alinijua, na sikumwambia. Alinipunguzia bei.

Jumamosi hii tunakwenda tena Mabawa, saa kumi. Mimi nitatoka nyumbani saa tisa.