Rupia Mbili Mezani: Tununue Sarafu au Tununue Kasha?

Mezani kwangu usiku huu zimelala rupia mbili za Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zote za mwaka 1910, zote zikiwa na herufi ndogo J inayoonyesha kuwa zilipigwa Hamburg. Moja imefungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lisilofunguka bila kuvunjwa, na juu yake kuna lebo ya kampuni ya kupima sarafu iliyochapwa namba 62, daraja la hali yake katika ngazi ya 1 hadi 70, pamoja na namba ndefu ya uthibitisho. Nyingine imo ndani ya bahasha ndogo ya karatasi ambayo niliiandika kwa penseli mwaka niliponunua na bei niliyolipa. Ya kasha niliipata kwenye mnada wa Ujerumani kwa karibu mara tatu ya bei ya ile ya bahasha, ambayo niliuziwa na sonara mmoja wa Tanga. Kila mgeni ninayemwekea zote mbili mbele yake bila kumtajia bei huchagua ya bahasha.

Sababu huonekana mara tu unapowasha taa. Rupia ya kasha haikupita mikononi mwa watu, lakini ilibebwa ndani ya mifuko pamoja na nyingine nyingi, ikagongwa na kukwaruzwa shavuni mwa Kaiser Wilhelm wa Pili, na baadaye mtu akaichovya katika dawa ya kung'arisha fedha hadi ikawa nyeupe bila uhai, kama kijiko cha aluminiamu. Ya bahasha ilitumika kidogo: manyoya ya tai aliye juu ya kofia ya Kaiser yamelika kiasi cha kuhitaji kioo cha kukuzia ili uone. Hata hivyo imebaki na kivuli cha kijivu kinachogeuka samawati karibu na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na ukiizungusha taratibu chini ya taa, mng'ao wake wa asili unatembea juu ya uso wake kama spoki za baiskeli iliyo mwendoni. Kwa kanuni za wapimaji, sarafu yenye dalili yoyote ya kutumika haiwezi kufika 60, kwa hiyo hii ya bahasha ingepewa pengine 58, na ile mbaya imekwisha kupewa 62. Kanuni hiyo haina kosa kwa jinsi ilivyotungwa. Kosa lilikuwa langu, niliyeichukua namba inayojibu swali la kutumika kana kwamba ilikuwa inajibu swali la uzuri.

Inafaa kukumbuka namba hizi zilikotoka. Ngazi ya 1 hadi 70 ilitungwa na Mmarekani William Sheldon na kuchapishwa mwaka 1949 katika kitabu chake kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani, zile zilizopigwa kati ya 1793 na 1814. Wazo lake lilikuwa la kibei: sarafu ya daraja la 70 ingekuwa na thamani mara 70 ya ile iliyochakaa hadi kubaki 1. Soko liliuacha uwiano huo mapema, lakini namba zikabaki, zikahamishiwa kwenye fedha, dhahabu na nikeli za nchi zote, pamoja na rupia zetu ambazo Sheldon hakuzifikiria hata kidogo. (Niongeze kwamba baada ya kifo chake ilithibitika kuwa alikuwa amebadilisha senti bora za makumbusho ya American Numismatic Society, New York, kwa zake zilizo duni. Aliyetufundisha kutofautisha sarafu nzuri na duni aliijua kazi yake vizuri kupita kiasi.)

Sisemi kwamba kampuni za upimaji zilizuka bure. Kabla yake, muuzaji aliita sarafu "safi kabisa" anapokuuzia, na akaiita "imechakaachakaa" unapomrudishia ile ile ainunue. Shirika la wakusanyaji wa Marekani lilianzisha huduma ya kuthibitisha uhalisi mwaka 1972, kisha zikaja kampuni mbili zinazotawala soko hadi leo, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zikiahidi kwamba wapimaji wasio na maslahi katika mauzo wataiangalia sarafu, watakubaliana namba, na kuifungia ndani ya kasha pamoja na dhamana. Mtu wa Dar es Salaam aliweza sasa kununua kutoka kwa mtu wa Chicago ambaye hatamwona maishani, na hilo ni jambo kubwa. Lakini tazama yaliyofuata. Watu walianza kuyavunja makasha na kuzipeleka sarafu zile zile upya, wakitumaini kwamba wapimaji wa siku nyingine watakuwa wakarimu zaidi, na mara kwa mara walifanikiwa. Mwaka 2007 ikaanzishwa kampuni nyingine, CAC, ambayo kazi yake ilikuwa kuangalia sarafu zilizokwisha kupimwa na kubandika kibandiko cha kijani juu ya kasha la zile inazoona kweli zinastahili namba zake. Soko lililoamini namba bila shaka yoyote lisingehitaji mpimaji wa wapimaji.

Kwa hiyo mimi hulitenganisha kasha katika maswali mawili. La kwanza ni kama sarafu ni halisi. La pili ni kama hali yake inastahili bei. Katika la kwanza huisikiliza kampuni kwa heshima. Katika la pili huichukua kama maoni ya mtu mwenye uzoefu ambaye hayupo chumbani kujitetea.

Mfano mzuri wa swali la kwanza ni rupia 15 za dhahabu za Tabora. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimezuia shehena kutoka Ujerumani, serikali ya koloni ilitumia karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, kupiga sarafu kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu kabla Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo kuuteka mji mwezi Septemba mwaka huo. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili una tai wa Ujerumani, na kuna aina mbili zinazotofautishwa kwa mahali pambo dogo linapoangukia chini ya neno OSTAFRIKA. Ni sarafu nzuri, ghali na yenye hadithi, kwa maneno mengine ina kila kitu kinachomvutia mghushi. Isitoshe, halisi zenyewe zilitengenezwa kwa vyombo vya karakana, hivyo ukiona ukali wa herufi unapungua mahali fulani huwezi kusema papo hapo kama ni bandia, ni uchakavu au ni fundi wa 1916 aliyekuwa na haraka. Sarafu hiyo siinunui nje ya kasha la kampuni inayotoa dhamana, hata ukiniletea kwa kiapo. Za shaba na za shaba ya njano za heli 20, zilizopigwa Tabora mwaka huo huo, ni jambo jingine: ni nyingi, bei yake ni ya kawaida, na nikikosea sitalala njaa. (Nazo ndizo zilizotuachia neno tunalolitumia kila siku, kwani heli ile ndiyo hela.)

Hata katika swali hilo la uhalisi, kasha si kinga kamili, na hili nilijifunza kwa kulipa. Miaka michache iliyopita shemeji yangu anayeishi Uingereza alininunulia rupia ya 1890 ya ile kampuni ya Wajerumani iliyoitawala pwani kabla ya serikali yao, yenye simba mbele ya mti wa jamii ya mitende. Ilikuwa ndani ya kasha linalojulikana, lebo ikiwa imenyooka, namba ikiwa safi. Nilipoiingiza namba ya uthibitisho kwenye tovuti ya kampuni ilikubali: aina ni hiyo, mwaka ni huo, daraja ni hilo. Ila picha iliyokuwa humo ilionyesha doa jeusi karibu na tarakimu ya mwisho ya mwaka, na yangu haikuwa na doa. Nilikaa nayo siku mbili nikijipa moyo kwamba ni mwanga wa kamera, kisha nikachukua kisu na kulipasua kasha pembeni. Mizani yangu ya sonara ilisoma gramu 10.9 badala ya 11.66, na ukingoni, ambako plastiki ilikuwa imepaficha, kulikuwa na mstari mwembamba wa kuunganisha kalibu. Lebo na namba vilinakiliwa kutoka sarafu halisi ya mtu mwingine. Muuzaji alisema kasha lililovunjwa halirudishwi.

Tangu siku hiyo nimetambua kitu ambacho kasha linakunyang'anya. Wazee wa pwani walizipima rupia kwa kuziangusha juu ya jiwe wakasikiliza mlio, kwa kuzipitisha kidole ukingoni, na kwa kuziweka mizanini dhidi ya rupia ya Kihindi wanayoiamini, kwani ya Mjerumani ilipigwa kwa uzito ule ule ili ikubalike sokoni. Ndani ya plastiki huwezi kupima, huwezi kusikia, na ukingo unauona kwa tabu. Unabaki na macho yako na neno la mtu mwingine. Ndiyo maana ninaponunua sarafu iliyofungwa, kitu cha kwanza kukagua ni kasha lenyewe, kisha namba, kisha picha iliyo kwenye tovuti nikiilinganisha na sarafu kovu kwa kovu. Kasha lisilo na picha ya kulinganisha nalipunguzia imani, na bei.

Lipo pia jambo linaloniuma zaidi kuliko fedha niliyopoteza. Sarafu nyingi zilizobaki pwani yetu hazikubaki kwa sababu mtu alizihifadhi kama mkusanyaji. Zilibaki kwa sababu zilivaliwa. Reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria ambazo zimeendelea kupigwa kwa karne mbili zikibeba mwaka ule ule wa 1780, rupia za Kihindi na za Kijerumani zilitobolewa tundu, zikatiwa vikuku na mikufu, zikapita kwa bibi, kwa mama, kwa binti. Kampuni ikipokea rupia ya namna hiyo haitoi namba kabisa. Huandika kwamba ni halisi lakini ina tundu, au imetiwa lehemu, au imesafishwa. Kwa soko la Marekani huo ni uamuzi wa haki, na ninautetea, hasa mahali ambapo tundu limezibwa kwa ufundi ili mnunuzi asilione. Lakini mkusanyaji wa Mombasa au Zanzibar akiliruhusu neno hilo limpangie cha kununua, atajaza kabati lake sarafu zilizolala benki ya Ulaya miaka mia moja, na zile zilizoishi hapa zitakwenda kwenye chungu cha sonara. Ninayo rupia moja yenye tundu juu ya kichwa cha Kaiser, ukingo wa tundu ukiwa laini kwa kusuguliwa na uzi. Hakuna lebo inayoweza kuniambia kitu ambacho ulaini ule hauniambii.

Kuhusu sarafu ndogo sina haja ya kusema mengi. Pesa za shaba za Seyyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, zenye picha ya mizani, bado zinapatikana kwa urahisi, na gharama ya kuituma moja hadi Florida, kuipimisha, kuikatia bima na kuirudisha inazidi bei ya sarafu yenyewe mara kadhaa. Ukimwona mtu anakuuzia pesa ya namna hiyo ndani ya kasha kwa bei ya kasha, mshukuru na uende zako. Kuna mizani juu ya sarafu, itumie.

Mahali pekee ambapo hoja zangu hutetereka ni nyumbani kwangu. Mke wangu aliniuliza siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua, kama nikifa kesho yeye atazijuaje za maana na zisizo za maana. Sikuwa na jibu. Nimeona mwenyewe mkusanyo wa mzee mmoja ukiuzwa kwa kilo, kwa kuwa watoto wake walijua kitu kimoja tu kuhusu fedha, nacho ni uzito wake. Wengine huangukia upande wa pili: dalali huwaambia kwamba rupia yoyote ya Mjerumani ni mamilioni, wanaizungusha miaka mitano bila mnunuzi, mwisho wanaiuza kwa hasira. Mjane mwenye kasha mkononi anayo angalau namba anayoweza kuitafuta, jina la sarafu lililoandikwa kwa herufi zinazosomeka, na kumbukumbu ya minada iliyopita ya kumwonyesha kiwango cha bei. Kwa sababu hiyo nimekubali kuzipeleka tano kati ya sarafu zangu zikafungwe, zile tu ambazo mtu asiyejua angeweza kudhulumiwa vibaya, na nitazipeleka kwa mkono wa mpwa wangu anayesafiri kwenda Munich, ambako NGC wana ofisi.

Rupia ya sonara wa Tanga haimo katika hizo tano. Nimeibadilishia bahasha tu, na chini ya mwaka na bei nimeandika kwa herufi kubwa ambazo mke wangu atazisoma bila miwani: HALISI. GRAMU 11.65. HAIJAOSHWA. ISIUZWE KWA UZITO.