Kimbunga Kilichokataa Kuondoka

Jioni yote nimekuwa nikisoma habari za Dorian, kile kimbunga kilichopiga Bahamas Septemba 2019. Kila taarifa inaanza na namba: daraja la 5, la juu kabisa, upepo wa kilomita 295 kwa saa. Namba hiyo inanikera. Madaraja hayo yanapima upepo tu. Hayasemi bahari itapanda kiasi gani, wala kimbunga kitakaa muda gani. Katrina mwaka 2005 kilitua pwani ya Marekani kikiwa daraja la 3, na bado bahari ilipanda zaidi ya mita 8 huko Mississippi. Aliyesikia kwamba kimeshuka hadi 3 angeweza kabisa kurudi kulala.

Ubaya wa Dorian ulikuwa kukaa. Kilipomaliza visiwa vya Abaco kilijikokota hadi kisiwa cha Grand Bahama, kikaganda juu yake zaidi ya siku nzima. Upepo uliendelea kuisukuma bahari nchi kavu, uwanja wa ndege wa Freeport ukazama. Nawaza waliokwea hadi darini, saa baada ya saa, wakiangalia maji yakimeza ngazi moja baada ya nyingine.

Papa nawaonea wivu. Mwaka 2001, katika ghuba ya Terra Ceia, Florida, watafiti walikuwa wakifuatilia papa wachanga kwa vifaa walivyowafunga. Dhoruba Gabrielle ilipokaribia na kanieneo ya hewa kuanza kushuka, papa wale walitoka wakaelekea maji ya kina. Mambo yalipotulia, wakarudi.

Mayai ya kasa hayana pa kwenda. Yanapumua kupitia mchanga, na maji yakituama juu ya kiota muda mrefu, vitoto hufia ndani ya maganda.

Halafu kuna yule ndege wa Grand Bahama aitwaye Bahama nuthatch, mdogo, mdomo mrefu, anayeshuka kwenye shina la msonobari kichwa kikiwa chini. Haishi kwingine kokote duniani. Mwaka 2018 watafiti waliwaona wachache sana msituni. Mwaka uliofuata kikaja Dorian. Hata msonobari uliobaki wima haukupona, maana chumvi ilikuwa imeshafika mizizini. Msitu ukakauka ukiwa umesimama. Sijasoma popote kwamba ndege huyo ameonekana tena.

Na kule Marsh Harbour, Abaco, palikuwa na mtaa ulioitwa The Mudd. Wakazi wake walikuwa hasa wahamiaji kutoka Haiti, katika nyumba za mbao zilizobanana, wengi bila vibali. Ukiambiwa uhame na huna karatasi, unahamia wapi? Mtaa ulifagiliwa wote. Wiki chache baadaye serikali ilipiga marufuku kujenga tena pale, na matingatinga yakaja kuondoa mabaki.