Mashine ya nyasi ilikuwa inalia "ta!" tu, kumbe ni ethi

Nikizungusha ufunguo, mashine yangu ya kukatia nyasi, hii ya kukalia na kuendesha, ilikuwa inalia "ta!" mara moja, basi. Stata, mota inayozungusha injini ili iwake, haizunguki. Mshtakiwa wa kwanza huwa betri, nami nikaichaji usiku kucha. Asubuhi ikasoma volti 12.7. "Ta!" ileile.

Swichi za usalama za kiti na breki, zinazozuia mashine isiwake, sikuzigusa: zingekuwa mbovu, hata huo mlio nisingeusikia. Nikashuku solenoidi, swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata. Nikachomoa waya wa plagi ya injini, nikahakikisha gia iko huru, nikaunganisha nguzo zake mbili kubwa kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Cheche kidogo, stata kimya hata nilipoiruka solenoidi, kumbe si yenyewe. Nusura ninunue solenoidi mpya bure.

Ndipo nikachukua mita ya volti, kitu nilichopaswa kuanza nacho. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzangu akazungusha ufunguo. Isingepaswa kuzidi nusu volti, ikasoma 8! Umeme ulikuwa unapotea njiani ukirudi.

Nikaufuata waya mweusi wa ethi, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, hadi chini ya kiti, unapofungwa kwenye fremu. Bolti ilionekana imekaza. Nilipoitoa (betri nikiwa nimeishaichomoa), pete ya waya ilikuwa na unga wa kijani upande mmoja, kutu upande wa pili. Msasa mpaka chuma king'ae, washa (ringi ya chuma) yenye meno, kaza, grisi kidogo juu. Mita ikasoma 0.2. Nikarudisha waya wa plagi, na injini ikawaka papo hapo.