Shangazi Yangu na Sushi ya Kula Hadi Ushibe

Oktoba 2023 shangazi yangu, mfanyabiashara wa nafaka pale Kibaigwa, alikuja Dodoma kutibiwa macho, nami nikampeleka katika mgahawa mmoja wa Area D ambao kila Jumamosi jioni uliuza sushi, chakula cha Kijapani cha wali wenye siki ambacho mara nyingi huliwa na samaki mbichi, kwa bei moja: unalipa shilingi 30,000, kisha unakula hadi ushibe. Si bei ya mama lishe, lakini kwa chakula ambacho kwingineko huuzwa kipande kwa kipande, ilikuwa nafuu ya kweli.

Masharti yalibandikwa ukutani: mteja anapewa dakika 90, anaagiza kidogo kidogo, na kipande chochote atakachobakiza kwenye sahani anakilipia. Nilidhani sharti la mwisho lingemkera, kumbe ndilo lililompendeza. Alilelewa na bibi aliyemsimulia habari za Mtunya, njaa iliyoangamiza watu wengi Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na hadi leo kwake chakula hakimwagwi. "Hawa wana adabu ya chakula," alisema.

Kilichomtatiza ni samaki mbichi. Yeye amezoea perege wa Mtera, aliyekaangwa au aliyekaushwa, na Dodoma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Nilimwomba mpishi aje mezani. Alimwamkia shangazi shikamoo, kisha akamweleza kwamba samaki wa kuliwa mbichi hugandishwa kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili minyoo ife, na kwamba wake huletwa wakiwa wameganda, akawayeyusha ndani ya friji. Hakumcheka wala hakumharakisha, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Akatukaribisha tumtazame akiandaa. Wali wake ni wa punje fupi zinazonata. Mchele huoshwa mpaka maji yatakate, na ukishaiva huchanganywa na siki, sukari na chumvi huku ukipepewa. Alilowesha mikono, akachota wali kiasi, akaubana kiganjani kwa vidole viwili kama anayefinyanga tonge la ugali, akaupaka wasabi, kiungo kikali cha kijani cha Kijapani, kidogo sana, kisha akalaza juu yake kipande chembamba cha jodari. Shangazi hakuyaondoa macho kwenye vidole vile.

Alianza na matango na parachichi vilivyoviringishwa kwa wali na mwani, akaja kwenye kamba waliochemshwa, na hatimaye akajaribu jodari. Alitafuna taratibu, akala kipande cha tangawizi ya siki, akatamka kwamba samaki yule hana shombo hata kidogo, akaagiza mwingine. Hapo nilielewa jinsi bei ile inavyowezekana: wali, mayai na matango humshibisha mtu kabla hajala samoni nyingi, ambayo ndiyo ghali. Sioni hila katika jambo hilo, kwa kuwa kila kilicholetwa kilitengenezwa kwa uangalifu uleule.

Mzunguko wa mwisho aliupanga mwenyewe. "Agiza vinne tu, mwanangu, viwili vyako na viwili vyangu. Cha tano kitatushinda."

Sahani zilirudi tupu, tukalipa shilingi 60,000. Kabla ya kutoka alimwuliza mpishi bei ya gunia la mchele ule, na alipoambiwa kwamba unatoka nje ya nchi, aliomba punje chache akawaonyeshe wenzake sokoni Kibaigwa.