Nilivyofika Mafia kwa boti, na walioniambia nitalala bandarini

Kila niliyemwambia nakwenda Mafia aliniuliza ndege ya saa ngapi. Nikijibu nakwenda kwa boti, wanaguna. Utachafukwa na bahari, utalala bandarini, mwisho utarudi. Wengi wao hata Bungu, huko njiani tu, hawajawahi kufika.

Kufika Nyamisati, bandari ya bara zinakotoka boti za Kilindoni, Mafia, si kazi. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, nauli ya kawaida tu. Kasheshe iko mbele, na yangu niliundiwa na mjuaji mmoja wa kazini aliyeniapia kwamba boti inang'oa nanga saa mbili asubuhi, siku zote. Basi nikaondoka usiku wa manane, nikafika saa mbili hiyohiyo, begi la magurudumu mkononi, nikakuta bahari haipo. Kilichokuwepo ni tope jeusi mpaka kwenye mizizi ya mikoko, kaa wanakimbizana, na mashua moja imelala ubavu. Mama muuza vitumbua akanitazama, akalitazama begi, akacheka bila kujificha.

Pembeni mzee mmoja alikuwa anaikalafati mashua yake, anasokomeza pamba kwenye nyufa taratibu.

"Shikamoo babu. Boti ya Kilindoni?"

"Marahaba mjukuu wangu. Imeondoka alfajiri na maji. Saa hizi wanaiona Mafia hao."

Nikamweleza habari ya saa mbili. Akasema, "Nyie wa Dar mnauliza saa. Huku uliza mwezi."

Akaacha kazi, akanifundisha kwa vidole. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na yanajaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku yanachelewa, karibu dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwezi tano au sita, yaani siku ya tano au ya sita tangu uandame, yanajaa saa moja, saa mbili asubuhi. Ukifika mwezi nane ni maji mafu, yanajaa mnamo saa nne na hayapandi wala hayashuki sana. Ukivuka mwezi 15 unahesabu upya, kwa hiyo mwezi 20 ni kama mwezi tano. Boti hutoka pale kwa mkondo wa delta ya Rufiji, na maji yakipwa mkondo haupitiki. Mjuaji wangu bila shaka alisafiri mwezi tano, akafanya ndiyo ratiba ya dunia nzima.

Nikarudi Dar, nikatafuta kalenda ya Kiislamu, ile ya ukutani. Nikachagua mwezi sita. Nikapiga simu bandarini kuhakikisha, wakanitajia saa ileile niliyoikokotoa. Nilijiona nahodha kamili! Nikaondoka na begi la mgongoni.

Baharini ni mwendo wa saa tatu nne, inategemea chombo. Kaa katikati kuelekea nyuma, mdundo ni mdogo. Tafuna tangawizi, kula chapati kavu, usiende na tumbo tupu wala usijaze supu. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki, maana mawimbi hayabishi hodi. Na ukiona chombo cha mizigo kinapakia watu bila maboya ya kujiokolea, subiri kingine, hata nauli iwe ndogo vipi.

Kilindoni nilichofuata ni papa potwe. Wanakuja karibu na pwani kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Mwenye boti alizima mashine, akasema "shuka, dada," nami nikashuka na boya nikiwa nimeng'ang'ania kamba. Akapita mgongo wa madoadoa meupe, mrefu kuliko boti yetu, mdomo wazi kama karai la zege, akichuja vijidudu vya majini. Hana habari na mtu. Usimguse tu, wala usimkatie njia. Mkia wake ukikupata utajua hujui.

Kijijini Utende, hukohuko Mafia, nenda na kitambulisho. Pale unalipia Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Tunza risiti, utaulizwa tena. Toka Utende vuka kisiwa cha Chole kwa mashua, hela ndogo. Kuna magofu ya enzi za Mjerumani yaliyofungwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kweupe wakigombana. Mimi nilikaa chini ya mti nikiwatazama mpaka kijana wa mashua akanikumbusha kwamba maji yanapwa.

Chukua pesa taslimu za kutosha kutoka bara. Na kati ya Juni na Agosti, kusi ikivuma, msiniulize habari za boti. Miezi hiyo hata mimi nitapanda ndege.