Mwavuli wa Bluu

Mwaka 2011 nilikwenda Kisumu kumtafuta shahidi wangu wa mwisho. Kitabu kilikuwa kimebakisha sura moja tu, au ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Kilihusu mauaji ya mwenye kinu cha kusaga unga pembezoni mwa Kaptembwo, Nakuru, usiku mmoja wa mvua, Mei 1999. Kesi hiyo niliifuata tangu asubuhi mwili ulipookotwa. Nilikuwa na miaka 24, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti moja, nikilipwa kwa inchi. Habari yako ikichapishwa unaikata kwa makasi, unaipima kwa rula, unaibandika kwenye karatasi na kupeleka madai yako ofisini. Ukiweza kuongeza aya moja, umepata nauli.

Habari za mauaji zilinishika nikiwa kijana wa shule. Februari 1990 mwili wa Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, ulipatikana chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na nyumbani kwake Koru. Akaja mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London, ikaundwa tume ya Jaji Gicheru, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza kazi. Jonah Anguka, aliyekuwa DC, yaani mkuu wa wilaya, wa Nakuru, alishtakiwa, akaachiliwa 1994, kisha akaandika kitabu chake mwenyewe. Mjini kwetu kesi hiyo ilizungumzwa kwa sauti ya chini, na kila mzungumzaji alikuwa na shahidi wake, binamu ya dereva au mke wa askari, aliyeona yote. Nilidhani nikikua nitawatafuta hao mashahidi mmoja mmoja. Nilipokua nikapata kesi ndogo ya mwenye kinu, ambayo hakuna tume iliyoijali, na hiyo nikaishikilia miaka kumi na miwili.

Shahidi wangu alikuwa mama aliyeuza sukuma wiki mkabala na kile kinu. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, alitoroka na wanawe kwenda Kisumu kama maelfu ya wenzake. Nilimpata mtaa wa Obunga, nyuma ya karai la mafuta yanayochemka. Anayeijua Obunga anaijua harufu ile, inayoingia kwenye shati na kurudi nawe hadi Nakuru. Alikuwa akikaanga mgongo wazi: viwanda vikishakata minofu ya mbuta, yule sangara wa ziwani, na kuipeleka ng'ambo, kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Akina mama wa Obunga hukinunua, hukianika juani, hukikaanga mpaka mfupa mdogo unatafunika.

"Wewe ni yule mtu wa gazeti," alisema kabla sijajitambulisha. "Ulikuwa mwembamba."

"Maisha, mama."

"Keti. Lakini usinitoe kazini."

Akaanza kusimulia bila kuulizwa, akigeuza samaki kwa kijiti cha chuma. Mvua ilianza saa kumi na mbili jioni. Stima zikapotea mapema, kama kawaida ya mtaa ule. Alikuwa anafunga kibanda chake kwa turubai alipomwona mtu akipita kuelekea kinuni, polepole, kama anayehesabu hatua. Ameshika mwavuli wa bluu, chuma kimoja kimevunjika, kitambaa kinaning'inia.

Hicho chuma kilichovunjika sikuwahi kukisikia. Niliandika haraka, nimefurahi. Halafu kalamu ikasimama.

"Mama, umesema stima zilikuwa zimepotea."

"Zilipotea. Hata mishumaa iliisha dukani."

Mahakamani alikuwa amesema kitu kingine. Nilikuwa kwenye benchi la waandishi siku hiyo, Mahakama Kuu ya Nakuru, 2002. Alisema balbu iliyokuwa mlangoni mwa kinu iliwaka, ndipo akaona mwavuli na uso. Wakili wa mshtakiwa alimkazia: balbu ya nguvu gani? Hatua ngapi? Mwanga ulikuwa mbele ya mtu au mgongoni mwake? Hayo ni maswali ambayo mahakama za Kenya huyauliza tangu uamuzi wa kesi ya Maitanyi wa 1986, kwa sababu shahidi mmoja wa usiku, hata akiwa mkweli, anaweza kumtaja asiyehusika. Mama hakuwa na majibu. Jaji akasema utambuzi ule haukuwa salama, mshtakiwa akatoka. Alikuwa amekaa rumande karibu miaka mitatu.

"Sasa ile balbu uliyosema kortini?"

Aliinua mgongo mmoja kwenye mafuta, akauning'iniza juu ya karai uchuruzike.

"Yule askari aliyeandika maneno yangu aliniuliza, bila taa ungeonaje bluu? Nikafikiri, nikaona ana haki. Kama niliona bluu, basi taa ilikuwepo."

"Na bluu uliiona wewe mwenyewe?"

"Niliiona. Hata gazeti liliandika. Lilisomwa pale kwa kinyozi, kesho yake, sote tukasikia. Mwavuli wa bluu."

Gazeti hilo ni mimi.

Asubuhi ile ya 1999 kulikuwa na umati mlangoni mwa kinu. Mtu fulani nyuma yangu, ambaye sikugeuka kumtazama, alisema kuna jamaa alionekana usiku ana mwavuli. Basi. Nilipokwenda kuandika, nimekaa kwenye ngazi za posta nikisubiri zamu ya faksi, sentensi ya "mtu aliyeshika mwavuli" niliiona imepauka. Nikaipaka bluu. Bluu kwa sababu ndiyo rangi iliyokuja. Neno moja, ambalo halikuniongezea hata inchi.

Na nilijua. Hilo ndilo sipendi kulisema. Mama huyu aliposimama kizimbani 2002 na kutamka bluu, nilikumbuka ngazi za posta vizuri sana, nikajiambia kwamba nilibahatisha, kwamba kweli ilikuwa imenipitia kalamuni bila mimi kujua. Nilirudi nyumbani nikijivuna. Kwenye rasimu ya kitabu niliupa mwavuli ule kurasa nne, na sura yenyewe niliiita kwa jina lake.

Kumbe neno langu lilitoka kwa kinyozi, likaingia machoni mwa mama, kutoka hapo likawasha balbu, na balbu ikamulika uso wa mtu.

Nilifunga daftari. Mafuta yaliendelea kuchemka, mteja akaja akanunua vichwa viwili akaenda. Ningeweza kuaga. Basi la Nakuru lilikuwa bado.

"Mama," nikasema, "ile bluu niliitia mimi. Hakuna aliyeniambia rangi. Niliandika tu."

Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuja kukuambia kwamba sufuria imeungua na wewe ulishasikia harufu zamani. Akarudi kwenye karai, akageuza samaki wote, upande mmoja kisha wa pili, mpaka nikadhani mazungumzo yamekwisha.

"Kwa hivyo ulikuwa wa rangi gani?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akanifungia migongo miwili kwenye kipande cha gazeti, mafuta yakaanza kupenya herufi pale pale, akanidai shilingi hamsini.